Kiboko Uani na Kijana Mwenye Simu

*Bwana Mshauri, nakaa Kinindo, karibu na ziwa. Usiku kiboko huingia uani kula nyasi, na mwanangu humwendea na simu, akimmulika apate picha za kupeleka kwenye intaneti, adai wameshazoeana. Nifanyeje?*
*Mama, Bujumbura*

Bibi, hofu yako ni ya haki. Mnyama huyo, ambaye kwa usiku mmoja aweza kula nyasi zipatazo kilo 40, akizikata kwa midomo yake mipana, hatoki Ziwa Tanganyika kwa mahaba ya wanadamu bali kwa njaa, akifuata malisho yaliyokuwapo kabla ya kuta zetu kusimama ukingoni. Na akishtushwa na mwanga, au akimkuta mtu kati yake na maji, hukimbilia ziwani kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, wala hampishi mtu. Akipanua kinywa kana kwamba apiga miayo, aonya. Kijana na apige picha akiwa ndani, dirishani, bila kumulika, wala asimtupie chakula kamwe: kumzoesha ni kumdhulumu, kwani kosa tulilomfundisha sisi huja kulilipa yeye kwa roho yake. Lango lifungwe tangu magharibi. Kiboko akijeruhiwa, au kukimkucha yungali uani, wapasheni habari OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira, wala msimfukuze kwa mawe.