Kiyoyozi Kinapovuja: Zuia Maji Kabla ya Kununua Rangi

Tangu mwaka 2010, umeme ulipofika Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, viyoyozi vimeingia taratibu katika vyumba vya kulala vya nyumba za kawaida. Pamoja navyo limeingia tatizo la doa jeusi la kuvu ukutani, chini ya kiyoyozi kinachovuja. Watumiaji wengi hulifunika doa hilo kwa rangi. Masika yakifika, hurudi, na fedha za rangi zimekwishapotea. Katika somo hili tunaeleza sababu yake na hatua za kuchukua.

Maji yanatoka wapi?

Hewa ya kisiwani hubeba mvuke mwingi. Kiyoyozi kinapoipoza, mvuke hugeuka maji, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho. Maji hayo hukingwa ndani ya kifaa, kisha hutolewa nje kwa mpira. Kudondosha nje ni kawaida. Kudondosha ndani ni hitilafu. Aghalabu mpira umeziba, au kifaa kimefungwa kwa kuinamia upande usiofaa. Pengine chujio limejaa vumbi au gesi imepungua, barafu ikaganda ndani na baadaye ikayeyuka.

Kwa nini tusipuuze?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na kuvu majumbani na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Watoto na wenye pumu wasilale katika chumba hicho hadi kitakaposafishwa.

Hatua za kufuata

1. Zima kiyoyozi kwenye swichi yake kuu. Kabla ya kufuta chochote, piga picha za mvujo, ukuta na vitu vilivyoharibika, na uandike tarehe. Ukuta uliokwisha kusafishwa hautoi ushahidi.

2. Mwite fundi wa viyoyozi. Mtake akuoneshe chanzo na, baada ya matengenezo, amimine maji mbele yako uone kwamba yanatoka nje. Dai stakabadhi inayotaja kasoro na kazi iliyofanyika.

3. Kausha chumba. Fungua madirisha, sogeza kabati mbali na ukuta, anika godoro juani. Vitu vikikaushwa ndani ya siku moja au mbili, kuvu huwa haijapata nafasi ya kuota.

4. Safisha. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, ukivaa glavu na barakoa. Usilisugue likiwa kavu. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na siki wala dawa ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Eneo kubwa zaidi mwachie mjuzi.

5. Paka rangi ukuta ukishakauka kabisa.

Nani alipe?

Jibu hutegemea chanzo. Kasoro ya kifaa kilicho ndani ya muda wa dhamana humhusu muuzaji. Ufungaji mbaya humhusu aliyekifunga. Chujio lisilosafishwa humhusu mtumiaji mwenyewe. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba mapema, kwa maandishi. Ndiyo maana tunasisitiza picha na stakabadhi: bila hivyo, kila mmoja atamsukumia mwenziwe lawama. Muuzaji au fundi akikataa kuwajibika, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, pamoja na risiti, hati ya dhamana na picha.

Kinga

Osha chujio kila mwezi, na kabla ya masika mwite fundi azibue mpira. Siku za unyevu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, toka nje uutazame mpira huo. Ukiukuta mkavu wakati chumba kimekwisha kupoa, shuku kwamba maji yamepata njia nyingine, na huenda njia hiyo ni ukuta wako.