Nesi wa Miezi Sita Hayupo

Barua za safari hii nyingi zimetoka Nyololo Njiapanda, Igowole, Malangali na Mafinga, chache Makambako na Mbeya. Zinazouliza muuguzi hufanya kazi gani nimeziweka kando. Nenda zahanati ya kijijini kwenu siku ya kliniki ya watoto, kaa kwenye benchi, uangalie. Nimejibu zilizonikera na zilizonitia hofu.

Kuna chuo mjini kinatoa kozi ya unesi ya miezi sita. Wanasema akimaliza atapanda taratibu mpaka awe muuguzi aliyesajiliwa. Nimeshauza miti, nimlipie ada?

Barua za namna hii ni nyingi kuliko zote, za akina mama, akina baba, na kaka mmoja anayemsomeshea mdogo wake. Nazijibu kwa pamoja: usilipe. Kama umeshalipa, kadai risiti leo.

Mama wa Nyololo, huku Mufindi, ameniandikia kwamba paini alizouza zilikuwa na miaka minane. Watu wa Mufindi hawahitaji kuelezwa hasara ya kuuza paini ya miaka minane. Ametoa mbao za kesho kwa bei ya fito, fedha ikaenda kwa mtu aliyekodi vyumba viwili juu ya duka la vipuri, akabandika bango lenye picha ya binti aliyevaa kofia nyeupe.

Sasa nieleweke vizuri, hata kama nitarudia. Uuguzi wa vyuo vya kati unasomwa kwa ngazi zinazosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6. Anayemaliza ngazi ya 5 anapata cheti, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linamwandikisha kuwa muuguzi wa ngazi ya cheti. Anayemaliza ngazi ya 6 anapata stashahada na anaweza kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Mwenye shahada ya chuo kikuu naye husajiliwa. Aliyeishia ngazi ya 4 hana daftari la kuandikwa, ingawa amesota mwaka mzima darasani na wodini. Miezi sita ni nusu tu ya njia ya huyo.

"Atapanda taratibu" ndiyo ndoano yenyewe. Kupanda kupo, ila ni kutoka ngazi inayotambulika kwenda ngazi inayotambulika. Aliyesoma kozi ya mtaani akija chuo cha kweli anaombwa matokeo ya kidato cha nne kama mwingine yeyote na kuanzishwa mwanzo. Cheti chake chenye mihuri mitatu hakimpunguzii hata wiki moja.

Najua uvumi huu wa nesi wa miezi sita unakolezwa na nini. Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni nesi: muuza dawa wa dukani, mhudumu wa afya anayesukuma machela, na yule bwana anayezunguka na begi kutundikia watu dripu kitandani kwao nyumbani. Muuza dawa na mhudumu wana kazi zao halali na nawaheshimu. Huyo wa begi ni wa kuripotiwa polisi. Hakuna kati yao aliye muuguzi kwa sababu tu majirani wamezoea kumwita hivyo. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 imeshakata shauri: bila jina kwenye daftari la Baraza na leseni iliyo hai, kufanya kazi ya uuguzi ni kosa.

Kukagua chuo hakuhitaji mjomba aliyeko Dodoma. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, tafuta jina la chuo, kisha tafuta kozi ndani ya chuo hicho. Wengi husahau hilo la pili. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa kompyuta na hoteli, kikachomeka uuguzi kwenye bango. Halafu uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, upande gari uende, umuulize muuguzi mfawidhi kama anawafahamu. Ilembula kuna chuo kilichoota kando ya hospitali, Tosamaganga vilevile. Hapo mwanafunzi anatoka darasani anaingia wodini kwa miguu. Ukiambiwa "mazoezi tutawatafutia", rudi stendi.

Amepata D nne zenye Biolojia, Kemia na Fizikia. Aende stashahada moja kwa moja, au asome kidato cha tano na sita kisha shahada?

Kwanza tuondoe dhana kwamba bila shahada huwi muuguzi aliyesajiliwa. Nimeshasema, stashahada inatosha kwa usajili. Tofauti inakuja kwenye cheo na madaraka. Serikalini mwenye cheti huanza kama Muuguzi, wa stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada ni Afisa Muuguzi. Mshahara unafuata cheo.

Kwa D nne, kidato cha tano cha sayansi hakimchukui, na ningempeleka stashahada bila kuangalia nyuma. Miaka mitatu anakuwa na taaluma mkononi. Akishafanya kazi anaweza kuomba shahada: Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, Aga Khan Dar es Salaam na vingine. Aliyetoka kidato cha sita na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) yake nzuri aende shahada moja kwa moja. Ni miaka minne ya chuo, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini.

Ila kuna mtego ambao walimu wa sekondari hawausemi. Kuingia stashahada masomo ya lazima ni Biolojia, Kemia na Fizikia, basi. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza. Miaka mitano baadaye muuguzi huyo huyo, hodari, mwenye GPA inayozidi 3.0 inayotakiwa, anaomba shahada na chuo kinamwambia: lete D ya Hisabati ya kidato cha nne. Nimewaona watu wazima, wakuu wa wodi, wakirisiti Hisabati kwenye chumba kimoja na watoto wa rika la wana wao. Soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, leo, si siku unayoomba. Kama Hisabati ilikwenda F, irisiti ukingali kijana.

Mwanangu ni wa kiume. Anaruhusiwa?

Ndiyo.

Akimaliza shahada ya uuguzi, atabakiza miaka mingapi awe daktari?

Yote. Udaktari ni kozi nyingine na inaanza mwaka wa kwanza. Swali hili linaniudhi kwa sababu linachukulia uuguzi kama stendi ya kusubiria basi la udaktari. Muuguzi akitaka kupanda, anapanda ndani ya fani yake. Muhimbili wana shahada ya uzamili ya wagonjwa mahututi na majeruhi, ya ukunga na afya ya wanawake, na ya afya ya akili. Usiku wa manane mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anamtegemea mtu aliyesoma hiyo ya kwanza.

Bodi ya Mikopo italipa?

Wa shahada aombe Bodi hiyo, HESLB, na aanze na cheti cha kuzaliwa. Mikopo mingi hukwama hapo kabla umaskini wa mtu haujatazamwa. Cheti lazima kihakikiwe na wakala wa usajili wa vizazi, RITA, na jina lililomo lifanane na la matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kwetu mtoto huzaliwa na jina la babu, akabatizwa jingine, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika la tatu. Linganisha karatasi zote herufi kwa herufi akiwa bado kidato cha sita. Kama zinapishana, mwone wakili uandae hati ya kiapo au ya kubadili jina.

Wa stashahada asipige hesabu za mkopo kichwani. HESLB ilifungua mlango kwa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa kozi ilizozitaja moja moja. Soma orodha ya mwaka wenu. Kama uuguzi haumo, hata ukiandika barua ya machozi hautaingizwa.

Binti anaogopa damu.

Atazoea. Asipozoea kuamka saa kumi na moja alfajiri ndipo tutaongea.

Nasikia wanafunzi wanachomwa sindano za wagonjwa wakaambukizwa UKIMWI. Ni kweli?

Kuchomwa kunatokea, hasa mwanafunzi anapojaribu kurudishia kifuniko cha sindano, jambo asilopaswa kufanya. Akichomwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni, asilikamue, atoe taarifa saa hiyo hiyo. Dawa kinga za VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Wanaoumia ni wale wanaoficha kwa kumwogopa mkufunzi.

Mbona hakuna mzazi aliyeuliza homa ya ini B? Virusi vyake huambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU, na chanjo ipo, dozi tatu. Chuo kinachopeleka wanafunzi wodini bila kuwachanja kimewatelekeza. Mzazi, uliza kadi ya chanjo kabla ya kuuliza sare.

Wakala amekuja Makambako, anasajili wauguzi wa kwenda Uingereza. Ada ya fomu inalipwa kwa simu.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kanuni za Uingereza wenyewe zinakataza mawakala kwenda kuvuna watumishi katika nchi za orodha hiyo. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe, moja kwa moja: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, na mtihani wa vitendo huko huko. Marekani wana mtihani wao, NCLEX. Popote uendako wataliuliza Baraza la hapa kama wewe ni muuguzi wake. Wakala asiyekuuliza namba yako ya usajili hatafuti muuguzi.

Ajira zipo?

Wagonjwa wapo, vibali vya ajira ni vichache. Kuna wenye leseni wanaojitolea kwenye zahanati wakisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, na sitamdanganya mtu kwamba atapangiwa kituo siku ya mahafali. Anayekubali Mgololo au ndani ya Makete hupata mapema kuliko anayeisubiri Dar es Salaam.

Kemia nimepata F. Kuna njia ya mkato?

Jisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, uchague shule yenye maabara.