Betri ya Pikipiki katika Nyanda za Juu Kusini: Aina Zake na Namna ya Kuichagua

Alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai katika mji wa Mbeya, halijoto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na juu zaidi, katika uwanda wa Kitulo, sakitu huonekana juu ya majani. Saa hizo ndizo ambazo pikipiki nyingi za abiria hukataa kuwashwa kwa stata. Mwendeshaji hubonyeza kitufe, taa hufifia, stata hutoa mlio mmoja mzito na kunyamaza. Naye hulazimika kupiga kiki mpaka jasho limtoke, huku abiria wake wa kwanza akienda zake na mwingine. Kwa mtu ambaye chakula cha siku hutegemea safari za siku hiyo hiyo, jambo hili si dogo. Kununua betri mpya kila baada ya miezi michache si dogo pia.

Vijiweni husemwa kwamba betri “hazipendi milima”. Mbeya iko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko chini yake kidogo. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam. Injini hupumua hewa hiyo, kwa hiyo ni kweli kwamba hupungukiwa nguvu ipandapo mlima kuelekea Chunya. Lakini betri haipumui. Mmenyuko wa kikemikali unaozalisha umeme ndani yake hauhitaji oksijeni ya hewani, na mwinuko peke yake hauudhuru. Kinachofaa kuchunguzwa ni halijoto, namna betri inavyochajiwa, na aina ya betri yenyewe.

Yanayotendeka ndani ya betri

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Kila seli ina mabamba ya aina mbili yaliyozamishwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa: bamba hasi la risasi tupu yenye vinyweleo, na bamba chanya la dioksidi ya risasi. Seli moja hutoa volti 2.1 hivi. Seli sita zilizoungwa mfululizo hutoa volti 12.6, ndiyo betri iitwayo ya volti 12. Pikipiki za zamani zilitumia seli tatu tu, yaani volti 6.

Betri inapotoa umeme, mmenyuko ni huu:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Mwanafunzi aone mambo mawili hapo. Kwanza, asidi hutumika na maji huzaliwa. Kwa hiyo densiti ya kimiminiko hushuka kutoka gramu 1.28 hivi kwa sentimeta ya ujazo, betri ikiwa imejaa, hadi karibu 1.12 ikiwa imekwisha. Ndiyo maana fundi mwenye hidromita huweza kujua hali ya betri bila kugusa waya hata mmoja. Pili, mabamba yote mawili hugeuka kuwa salfeti ya risasi. Betri ikichajiwa mapema, salfeti hiyo hurudi kuwa risasi na dioksidi ya risasi. Ikiachwa tupu kwa majuma, fuwele za salfeti hukua, huwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Pikipiki iliyoegeshwa msimu mzima wa mvua kwa sababu barabara ya Kilolo haipitiki huharibikiwa na betri kwa njia hii, ingawa haikutumika hata siku moja.

Baridi hupunguza mwendo wa ioni katika asidi. Katika nyuzi 0 betri ya risasi hutoa karibu asilimia 80 tu ya kiasi inachotoa katika nyuzi 25, na upungufu ni mkubwa zaidi mkondo unapokuwa mkubwa kama ule wa stata. Wakati huo huo oili ya injini huwa nzito, na stata huhitaji nguvu zaidi kuizungusha. Betri hudaiwa zaidi katika saa ile ile ambayo ina kidogo cha kutoa.

Joto nalo hufanya kazi ya namna nyingine. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kuliwa kwa mabamba na kutu huongezeka maradufu hivi. Pikipiki inayoshinda Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, au katika mabonde ya Pawaga na Idodi, huzeesha betri yake haraka kuliko ile inayoshinda Mafinga. Kwa hiyo hali ya hewa ya Mbeya na Iringa ni rafiki wa betri kuliko inavyodhaniwa. Baridi ya Julai hufichua tu betri ambayo ilikwisha kuchoka tangu Februari.

Hesabu ndogo ya ukinzani

Betri yoyote ina ukinzani wa ndani. Tuseme betri yenye volti 12.6 inatoa ampea 40 kwa stata, na volti zikashuka hadi 10.2. Ukinzani wa ndani ni (12.6 − 10.2) ÷ 40, yaani omu 0.06. Betri hiyo ikichoka na kupoa, ukinzani ukafika omu 0.1, mkondo ule ule utashusha volti hadi 8.6. Stata hulemewa, na katika pikipiki ambazo cheche ya plagi hutegemea betri, cheche nayo huweza kukosekana. Hata hivyo betri hiyo hiyo, ikipimwa bila kuwasha kitu, itaonyesha volti 12.6 kama betri mpya. Muuzaji anayempimia mteja volti za betri iliyo mezani, kisha akamwambia ni nzima, hajamwambia lolote la maana.

Darasani jaribio hili laweza kufanywa kwa taa ya mbele ya wati 35, inayokula ampea 3 hivi, na voltimita yenye kusoma sehemu za mia za volti. Volti zisomwe taa ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, na tofauti igawanywe kwa mkondo. Ammita isiunganishwe kamwe moja kwa moja kwenye vichwa viwili vya betri: itaungua, na aliyeishika huweza kuungua pia.

Hesabu nyingine hushangaza wengi. Stata inayokula ampea 40 kwa sekunde 3 hutumia ampea-sekunde 120, ambazo ni ampea-saa 0.033 tu. Betri ya ampea-saa 5 haimalizwi na stata. Humalizwa na taa za rangi, redio na chaja ya simu zinazofanya kazi kijiweni Mwanjelwa au Ipogolo huku injini imezimwa. Taa ya mbele peke yake, ikiachwa kwa saa moja, hutwaa ampea-saa 3, yaani zaidi ya nusu ya akiba. Safari fupi fupi za mjini, injini ikizunguka polepole, hazitoshi kurudisha deni hilo.

Aina zilizopo sokoni

Betri ya asidi ya maji ndiyo ya kale na ya bei nafuu. Ina vizibo sita, na kasha lake hupitisha mwanga ili mtumiaji aone kimo cha kimiminiko kati ya mistari miwili. Inapochajiwa kupita kiasi maji yake huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni na kupotea hewani. Basi huongezwa maji. Huvumilia mfumo mbovu wa kuchaji kuliko aina nyingine yoyote, kwa kuwa kilichopotea hurudishwa. Lakini lazima isimame wima, na katika barabara za mawe asidi yake huweza kuvuja kupitia mrija wa hewa na kula chuma cha fremu.

Hapa pana hatari inayotokana na jina. Watu husema “maji ya betri” kwa kumaanisha maji yaliyokenekwa, na wengine kwa kumaanisha asidi. Asidi hutiwa mara moja tu, betri ikiwa mpya. Baada ya hapo kinachopotea ni maji, na kinachoongezwa ni maji. Anayeongeza asidi kila mara huzidisha ukali wake na kuyala mabamba. Maji ya bomba au ya kisima nayo hayafai: chuma kilichoyeyuka humo huimaliza chaji betri ikiwa imelala, na kloridi hushambulia mabamba chanya. Mvua ni nyingi Tukuyu, lakini maji yaliyopita juu ya bati yamekwisha kuchukua zinki na kutu. Shule yenye maabara na kipoozeo cha kioo yaweza kukeneka maji, na hilo ni somo zuri la Kidato cha Kwanza lenye faida kwa mtaa mzima.

Betri iliyofungwa yenye pamba ya kioo ni ya risasi na asidi vilevile, ila asidi imenywewa na blanketi laini la nyuzi za kioo lililobanwa kati ya mabamba. Oksijeni inayozaliwa kwenye bamba chanya hupenya katika vinyweleo vya blanketi hadi bamba hasi, na huko hurudi kuwa maji. Vali ndogo hufunguka tu kanieneo ya ndani ikizidi. Haiongezwi maji, haimwagiki, na mabamba yake yaliyobanwa huhimili mitikisiko. Ukinzani wake wa ndani kwa kawaida ni mdogo, jambo linalofaa asubuhi za baridi. Adui yake ni kuchajiwa kupita kiasi, kwa sababu maji yakishatoka kupitia vali hakuna mlango wa kuyarudisha.

Betri ya jeli imegandishwa asidi yake kwa unga laini wa silika. Huvumilia kumalizwa chaji mara kwa mara, ila huudhiwa na volti kubwa za kuchaji. Inafaa kusemwa wazi kwamba betri nyingi zinazoitwa “jeli” katika maduka ya pikipiki ni za pamba ya kioo. Neno hilo limekuwa jina la biashara tu.

Betri ya lithiamu ya pikipiki, mara nyingi ya fosfeti ya chuma, ina seli nne za volti 3.2 hivi. Uzito wake ni kama theluthi moja ya betri ya risasi. Watafiti watatu walioweka msingi wa betri za lithiamu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Pamoja na heshima hiyo, kwa mwendesha bodaboda wa Uyole bado si chaguo la busara: bei yake ni kubwa, hulegea katika baridi, haifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na huhitaji mfumo wa kuchaji usiokosea.

Kuchagua

Kabla ya kuchagua betri, upimwe mfumo wa kuchaji. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, volti kwenye vichwa vya betri ziwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Zikizidi 15, kirekebisha volti kimeharibika, na betri yoyote iliyofungwa itakayowekwa itakufa mapema. Kirekebishaji kibadilishwe kwanza. Zikibaki chini ya 13, hakuna betri itakayojaa. Mafundi wengi huanza kwa kubadilisha betri kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Mfumo ukiwa mzima, mwendeshaji wa kila siku katika Mbeya au Iringa atafaidika zaidi na betri ya pamba ya kioo, hata ikiwa na bei kubwa kidogo. Mwenye pikipiki ya kijijini, anayekagua kimo cha maji kila mwezi na kupata maji yaliyokenekwa, hana sababu ya kuikimbia ya asidi ya maji. Kwa vyovyote volti, ukubwa wa kasha na upande wa kichwa chanya vifuate ile ya awali. Ampea-saa zisipungue zile za kiwanda. Zikizidi kidogo hazidhuru.

Betri mpya ya asidi ya maji, baada ya kujazwa asidi, iachwe inywe kwa nusu saa au zaidi, kisha ichajiwe polepole kwa sehemu ya kumi ya ampea-saa zake: ya 5 kwa ampea 0.5. Nyingi hufungwa dakika ile ile zinapojazwa, na hazifiki ujazo wake kamili maisha yao yote. Chaja ya gari yenye ampea 10 huichemsha.

Betri iliyokwisha

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya risasi ni risasi yenyewe, na ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huitafuta. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri zilikuwa zikivunjwa na udongo wake kupepetwa. Jirani zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014 kiliacha risasi katika udongo na katika damu za wakazi. Mwaka 2020 mahakama mjini humo iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu kwa miaka iliyofuata.

Betri kuukuu basi isipasuliwe nyumbani, asidi yake isimwagwe shambani wala mferejini, na risasi yake isiyeyushwe jikoni kwa ajili ya kutengenezea vizamisho vya nyavu. Ibebwe wima ndani ya ndoo ya plastiki hadi kwa muuzaji anayepokea betri za zamani ikiwa nzima. Asidi ikimrukia mtu machoni, macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Magadi ni ya kuzimulia asidi iliyomwagika sakafuni, si ya kutiwa machoni.