Kizuri Hakijiuzi Chenyewe: Tuwafundishe Vijana Kuuza Ufundi wa Michoro

SOMO LA KIKUNDI. Muda: saa moja na nusu. Leteni daftari, kalamu, na pakiti tupu za mchele, kadi na matangazo ya aina yoyote mliyookota sokoni.



Hapa Wang'uru hakuna haja ya kumfundisha mtu kilimo cha mpunga. Tangu skimu ya Mwea ilipoanza katika miaka ya 1950, watu wanajua kuotesha miche, kuatika, kufukuza ndege na kuvuna. Lakini kila mkulima anajua jambo lingine pia. Gunia likiuzwa pale pale shambani wakati wa mavuno, bei ni ya mnunuzi. Mpunga ukikaushwa, ukakobolewa, ukapimwa na kufungwa kwa pakiti yenye jina, bei inaanza kuwa ya mwenye mali. Mpunga ni ule ule. Kilichobadilika ni kujua kuuza.

Sasa tuwaangalie vijana wetu wanaosomea michoro ya kompyuta katika vyuo vya ufundi. Wazazi wameuza mbuzi, vikundi vimechanga karo. Kijana anajifunza kuchora nembo, kadi, mabango na lebo. Anamaliza, anapewa cheti, anakaa nyumbani akingoja kuandikwa kazi. Miezi inapita, cheti kiko ukutani, na yeye yuko kwa kibarua cha kuatika. Si kwamba hana ufundi, la. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuuuza.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa fundi anayejitegemea, methali hii haitoshi. Hata kizuri lazima kitembezwe, maana mteja hawezi kununua asichokijua. Kwa hiyo kuuza kufundishwe pamoja na kuchora, tangu muhula wa kwanza. Na soko la kwanza liwe hapa karibu.

1. MTAFUTE MTEJA ULIYE JIRANI NAYE

Tembeeni kutoka stendi hadi sokoni mkihesabu. Kuna mashine za kukoboa mchele, maduka ya dawa za mimea, vinyozi, hoteli, shule za chekechea, wapiga picha. Kuna kadi za arusi, ratiba za mazishi, tishati za kwaya, vyeti vya vikundi. Bwawa la Thiba lilifunguliwa mwaka 2022 ili maji yafike mashamba mengi zaidi, na kila mchele unaofungwa unahitaji pakiti.

Kijana achague kazi mbili au tatu tu za kuanzia. Anayesema "nafanya kila kitu" hakumbukwi. Anayejulikana kuwa fundi wa lebo za mchele ataitwa mtu akitaka lebo.

2. TENGENEZA KITABU CHA SAMPULI

Mwanafunzi asiye na mteja bado anaweza kuwa na kazi za kuonyesha. Achukue pakiti mbaya ya sokoni, aichore upya vizuri, aweke ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu. Aseme wazi kwamba ni zoezi. Sampuli sita safi, zilizochapwa na pia ziko kwa simu, zinatosha kuanza.

3. ULIZA KABLA YA KUONYESHA

Vijana wengi wakifika dukani wanaanza kusifu kompyuta yao. Mwenye duka hana haja na kompyuta, ana haja na biashara yake. Kijana aulize: Mama, wateja wako ni nani? Wanakuchanganya na nani? Mchele wako una nini ambacho wa jirani hana? Kwa mfano, pishori ya Mwea huharibiwa jina na wanaoichanganya na mchele wa bei ya chini. Muuzaji mwaminifu anataka pakiti inayomtambulisha. Kijana akisikia shida hiyo, sasa ana kitu cha kuuza.

Ajue pia mambo ya lebo: jina la bidhaa, uzito kwa kilo au gramu, jina na anwani ya anayefunga, tarehe, na namba ya fungu. Akiambiwa aweke alama ya ubora ya KEBS, aombe kuona kibali kwanza. Mteja asipokuwa nacho, asiichore hata akiongezwa pesa.

4. PIGA HESABU YA BEI

Usitaje bei ya kubahatisha. Tuchukue mfano wa binti anayechora lebo moja. Figa hizi ni za kujifunzia tu:

Mazungumzo na mteja: saa 1
Kuchora: saa 5
Marekebisho: saa 2
Jumla saa 8, kwa shilingi 150 kila saa: 1,200
Bando, stima na matumizi ya kompyuta: 300
Nauli na kuchapa sampuli: 250
Jumla yote: shilingi 1,750

Akikubali shilingi 500 kwa sababu ya haya, hata gharama zake za 550 hazirudi. Amefanya kazi siku nzima, na bado ametoa shilingi 50 mfukoni. Je, mkulima angeuza gunia hivyo?

5. ANDIKENI MAPATANO

Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni gani, itaisha lini, marekebisho ni mara ngapi (tuseme mbili), bei ni ngapi, na nani atalipa mchapishaji. Nusu ya malipo itangulie kabla ya kuanza, nusu nyingine kabla ya kukabidhi kazi kamili. Malipo yakipitia M-Pesa, ule ujumbe utunzwe, na risiti iandikwe vile vile.

Jambo la kuangalia sana: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mteja, isipokuwa mmepatana vingine. Fundi akitaka kuionyesha katika kitabu chake cha sampuli, aandike hivyo katika mapatano.

Na mali bila daftari huisha bila habari. Kila oda iandikwe: tarehe, mteja, kilichoingia, kilichotoka.

6. KAZI ZA MBALI

Intaneti inaweza kumleta mteja wa Uingereza hadi Wang'uru. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwafunza vijana kazi za namna hii. Lakini hesabu ifanywe huko pia. Fiverr, kwa mfano, humkata muuzaji asilimia 20: kazi ya dola 50 inabaki dola 40, kabla ya gharama za kutoa pesa. Tena, mtu akikuambia ulipe kwanza ndipo upewe kazi, au ununue akaunti ya mtu mwingine, kimbia. Aliyezoea kupatana na wateja wa nyumbani hadanganywi haraka.

KAZI YA KIKUNDI CHENYEWE

Hapa tuambiane ukweli. Mara nyingi sisi tuliochanga karo ndio wa kwanza kusema, "Huyu ni mtoto wetu, atuchoree bure." Tukifanya hivyo tunabomoa tulichojenga. Kikundi kiwe mteja wa kwanza, kilipe bei iliyopatanwa, kidai kazi nzuri kwa wakati, na kikiridhika kimpe kijana barua ya kumsifu. Barua hiyo itamfungulia milango kuliko cheti.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja biashara tano za hapa zinazohitaji lebo, kadi au bango. Nani atazitembelea?
2. Mwaka uliopita kikundi chetu kilimlipa nani kwa kazi za kuchapa? Kijana wetu angeweza kuifanya?
3. Kwa nini tunaona haya kulipia kazi ya kichwa, na hatuoni haya kulipia kazi ya jembe?

KABLA YA MKUTANO UJAO: Kila mwanafunzi alete sampuli mbili na hesabu ya bei yake. Wanakikundi mfanye kama wateja, mbishane naye bei kweli kweli. Afadhali atetemeke mbele yenu leo kuliko mbele ya mwenye mashine kesho.