Kumchagulia Kijana Kitabu

Kijana wa miaka 12 usimpe kitabu kwa sababu tu kinasifiwa. Mpe kinachogusa swali lililo moyoni mwake. Tuseme anaonewa wivu na ndugu zake. Mpe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Humo Adili anatoswa baharini na ndugu zake. Nao wanageuzwa manyani, naye analazimishwa kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma.

Akikimaliza, someni pamoja habari za Yosefu, Mwanzo 37 hadi 45. Usimhubirie. Muulize tu: “Wewe ungewasamehe?” Kisha nyamaza, umsikilize.

Lakini kabla ya yote, kisome kwanza wewe mwenyewe, na ujiulize swali hilohilo.