Nimechoka Kushukuru

"Dada, nimechoka kushukuru." Barua imeanza hivyo, haina shikamoo wala habari za siku nyingi, na mimi nikaipenda hapo hapo. Mwandishi wake ni binti wa Tanga, mwimbaji anayejitegemea: hana lebo, hana meneja, hana bendi ya kudumu. Anatunga mwenyewe na udi anaupiga mwenyewe, na wasichana wanaoushika udi bado ni wa kuhesabu, kwa hiyo hapo tu kanikosha roho. Kakulia kwenye kikundi cha taarab cha mtaani kwao, akatoka, na sasa ameitwa kuimba kwenye tamasha kwa malipo ya kueleweka.

Habari zilipoenea, madai yakaanza. Mwalimu wake wa zamani anakaa barazani na kutangaza, "Yule mimi ndiye niliyemtoa." Mashangazi wa mtaa wanataka awaimbie harusi zao bure, kwani si mtoto wao? Wanaomrushia zawadi akiimba mubashara mtandaoni wanataka wote watajwe majina, na asiyetajwa ananuna. Mpiga dumbaki wake naye kanuna, ila huyo ana sababu zake, nitamfikia. "Nimesema asante mpaka koo limekauka," anaandika, "na hakuna aliyeridhika. Nifanye nini?"

Kwanza kunywa maji, mdogo wangu. Koo ndilo linalokulisha.

Halafu tuambiane ukweli. Umechoka kwa sababu una asante moja na unawagawia watu wa kila namna. Anayekudai pesa umempa asante. Aliyekupa nauli siku huna hata mia umempa asante. Anayekusifia ili aonekane na wewe naye umempa ileile, na tabasamu lilelile. Ndiyo maana anayekudai bado anakudai, aliyekupenda anaona umemchanganya na wapambe, na mpambe anajiona ana haki sawa na aliyekulisha. Kushukuru kwa msanii ni kazi, kama yalivyo mazoezi. Inataka ujue nani alifanya nini, na wewe ulimrudishia nini. Na wewe mwingine unayesoma ukidhani haya ni ya waimbaji peke yao, kwa kuwa wewe unachekesha, unaigiza au unasimulia hadithi, vuta kiti usogee.

Tuanze na huyu wa "nimemtoa". Katika sanaa yetu kila mtu ana watu wanaodai wamemtoa: mtangazaji aliyeupiga wimbo mara ya kwanza, prodyuza aliyerekodi kwa mkopo, jamaa aliyeshika waya wa spika siku ile. Wengine wanasema kweli. Mwalimu wako alikufundisha kushika udi na kutulia ndani ya mahadhi, na hilo si dogo. Lakini hiyo ni ilimu, na ilimu haidaiwi asilimia ya tamasha. Mwendee siku ya Idi na kitu mkononi. Ukiulizwa na mtangazaji nani kakufundisha, litaje jina lake kamili, usiseme "kuna mzee mmoja hivi". Akiugua uwe wa kwanza kubisha hodi. Akitaka pesa ya maonyesho, muulize kwa adabu kama kuna mahali mliandikiana. Fadhila inarudishwa kwa fadhila na mkataba unalipwa kwa pesa, na mtu mzima anayevichanganya hivyo viwili mara nyingi anajua anachokifanya.

Na wala hujatolewa na mtu mmoja. Hakuna aliyepata kutolewa na mtu mmoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, tunamtaja leo kana kwamba alishuka peke yake kutoka mawinguni. Alikuwa mtoto wa Fumba, akitembeza vyungu vya mama yake, na alipohamia mjini ni Ali Muhsin aliyemwingiza kwenye uimbaji wa kufuata ala. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, alikwenda na kundi: kina Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Mbaruku. Na nyuma ya kundi kulikuwa na Ng'ambo nzima, upande ule wa mji walikoishi mafundi, wachukuzi na watu waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao, ambao mambo yao ndiyo yaliyokuwa nyimbo zake. Wimbo wa Kijiti ulitokana na mauaji ya kweli ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja. Kisa kilikuwa midomoni mwa watu kabla hakijafika kwenye santuri. Sasa niambie: mtaa wenu umekupa nyimbo ngapi? Yule mama ambaye maneno yake ya kisimani yamekuwa kiitikio chako, anajua?

Wale wapiga ala wa Siti majina yao tunayo mpaka leo, karibu karne moja baadaye. Wimbo wako wa kwanza umeuweka mtandaoni, nimeusikiliza mara nne na ni mzuri. Nimetafuta nani kapiga fidla. Hayupo. Nani kapiga dumbaki? Hayupo. Kuna jina lako, picha yako na moyo mwekundu. Andika majina, mdogo wangu, na usiyaandike mtandaoni tu. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kazi zinasajiliwa COSOTA. Zanzibar kuna COSOZA. Mirabaha hufuata majina yaliyoandikwa. Kumwita mtu "ndugu yangu wa damu" jukwaani huku jina lake umeliacha nje ya fomu ni dhuluma iliyopakwa marashi.

Tuje kwenye kutuza, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Mcheza kwao hutuzwa, na wasanii wengi tumeishikilia ile sehemu ya kutuzwa, hili la "kwao" tumelipita mbio. Umeshaimba vya kutosha kuyajua haya, lakini nitayasema kwa ajili ya wasomaji wa bara. Ukumbi umejaa, beti inafika, mwanamke anainuka. Haji mbio. Anacheza taratibu, noti juu ya vidole, anapita katikati ya viti ili aonekane vizuri, mpaka kwa mwimbaji. Aliye mgeni anadhani mwimbaji kapendwa. Kumbe yule mama kaingojea beti hiyo tangu saa tatu, kwa sababu mwenzake waliyegombana naye amekaa safu ya tatu, na sasa ukumbi mzima umejua yale maneno ni ya nani na yanakwenda kwa nani. Ameuazima mdomo wako. Noti ile ni mazungumzo baina ya wanawake wawili, wewe umekuwa tarishi tu.

Mimi nasema hakuna heshima kubwa zaidi ambayo watu wanaweza kumpa mwimbaji. Wamekuamini na jambo lao. Basi namna ya kumshukuru yule mama si kuinama mpaka chini na kumtumia mabusu ya hewani. Irudie beti. Itoe safi, neno kwa neno, isipotee hata silabi moja, ili alichokilipia kifike. Na kesho yake sokoni usimwambie mtu kwamba fulani alimtuzia fulani. Mwimbaji anayeingia kwenye ugomvi wa watuzaji wake anapoteza pande zote mbili za ukumbi, na nimeona sauti nzuri sana zikikosa kazi kwa sababu hiyo.

Sasa, zile noti ni za nani? Vikundi vina taratibu zake: kuna vinavyoweka kapu moja na kugawana usiku uleule, kuna vinavyomwachia mwimbaji. Msanii anayejitegemea hana utaratibu mpaka autunge, na wengi hawautungi. Wanaona mradi wapiga ala wamelipwa ya mkataba, tuzo ni zao. Lakini nani aliyeishusha ile ngoma ikawa nyepesi ili maneno yasikike? Nani aliyekuongezea mzunguko mmoja alipoona mama bado yuko nusu ya njia? Lisemeni kabla ya kupanda jukwaani, hata kama wao watapata robo tu. Baada ya onyesho, noti zikiwa zimeshalala kwenye mkoba wako, maneno yale yale yanageuka kuwa kesi.

Kuna hasara moja ya kujitegemea ambayo hukuitaja kwenye barua, nadhani bado hujaiona. Vikundi vya wanawake vya taarab na lelemama, Unguja na Mombasa, havikuwa vya kuimba tu. Zanzibar kina Royal Navy na Sahib el-Ari walirushiana mafumbo ya kutosha kuuguza, lakini ndani ya vikundi vya namna hiyo watu walichangiana harusi, wakazikana. Ulipotoka kwenye kikundi ulipata uhuru wa kuchagua nyimbo na kupanga bei, nakupongeza. Ukapoteza watu wanaolazimika kuja ukifiwa. Mashabiki watakuandikia pole. Jamvi halitandikwi na pole ya kwenye simu.

Kwa hiyo tafuta wenzako wanaojitegemea kama wewe, mwimbaji, mchekeshaji, mpiga picha, mchora hina, mwanzishe upatu. Upangeni kwa akili: pwani yetu Ramadhani ikiingia kazi zinasimama, harusi hakuna, taarab hakuna, na vunjajungu huwa imekwisha na pesa zake. Mzunguko mmoja uangukie hapo, kwa mwenye watoto wengi. Na muwe na kapu dogo la pembeni kwa anayeugua, maana koo likivimba mwezi mzima hakuna mwajiri wa kumpelekea karatasi ya daktari. Mkiazimana maikrofoni, ikirudi irudi na waya wake. Hapo ndipo ujirani wa wasanii wengi unapovunjikia, si kwenye husuda kama mnavyopenda kusema.

Bi Kidude, Mungu amrehemu, alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 na akaimba nchi ambazo hata kuzitaja majina tunajikwaa. Lakini wanawake wa Unguja wengi walimjua kama kungwi. Alipiga msondo, akafunda wari. Alikuwa na kazi kwao isiyohitaji tiketi wala mwaliko wa balozi, na kazi hiyo hakuiacha. Wewe yako itakuwa ipi? Nimesikia kwenye madrasa ya jirani yenu wasichana wanatafuta wa kuwanolea kasida za Maulidi. Nimesema tu.

Hawa wa mtandaoni wasikuchoshe. Usisome majina kama mwalimu anayeita mahudhurio, wimbo unakufa. Imba, kisha siku moja katika wiki kaa na simu yako. Yule mwanamke wa Muscat aliyelelewa Tanga, ambaye hutuma kitu kila unapopiga nyimbo za zamani, mtumie ujumbe wa sauti, umtaje jina, umuulize hali ya mama yake. Dakika moja inatosha. Wanaotaka kutajwa kwa ajili ya kutajwa, wacha wanune.

Mashangazi ndio wagumu, kwa sababu wana haki nusu. Nyumba uliyokula ukiwa mtoto, nenda harusini kwao, vaa sare kama wengine, changia kama wengine, na ukiombwa simama uimbe wimbo mmoja, hiyo ni zawadi yako kwa biharusi. Ila wakitaka spika, wapiga ala na wewe mpaka saa nane za usiku, hiyo ni kazi na ina bei. Unaweza kuwapunguzia. Bei iseme mapema, uiseme kwa mwenyekiti wa kamati, usiisemee ukumbini mbele ya mama mzazi. Akikuambia "wewe ni mtoto wetu", mkubalie kwa furaha zote, kisha muulize taratibu kama mpishi naye hatalipwa, na mpambaji, na mpiga picha, na MC. Kamati inawalipa wote hao. Nani aliyesema mwimbaji peke yake ndiye anayelipwa kwa pilau?

Haya, mpiga dumbaki. Unasema mpango wako ni kumwita mbele siku ya tamasha, umsifu, watu wapige makofi, yaishe. Usithubutu. Umeandika mwenyewe, chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo kana kwamba sitaiona: usiku ule wa Pangani ulituzwa sana, yeye akapata ya mkataba tu, akakaa pembeni akikutazama unahesabu. Kumsifu mbele ya umati kabla hujammalizia ni kumfunga mdomo, na yeye atajua, na wapiga ala wote wa Tanga watajua kabla hujashuka jukwaani.

Kaa ukumbuke zilikuwa kiasi gani. Toa sehemu yake, mpelekee mwenyewe mkononi, usimtume mdogo wako wala usimrushie kwenye simu. Ukishampa ndipo umuulize kama atapiga tamashani, na safari hii muandikiane tuzo zinagawanywaje. Akikataa, mshukuru na utafute mwingine kwa masharti hayohayo. Na uende mchana. Ukienda usiku na tamasha limekaribia, atadhani umekuja kumkopa.