Kebo ya Mafuta: Kukwama ni Hatari Kuliko Kukatika

SOMO LA UFUNDI WA MAGARI

Barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga hupita Kitengela, ikaendelea hadi Isinya na Kajiado. Toka Kitengela hadi Kajiado ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Nchi ni ya mbuga zilizo wazi, na dereva hushawishika kukimbiza gari. Lakini nchi hiyo hiyo ni malisho. Wakati wowote kundi la ng'ombe laweza kukatiza barabara, na watoto wa shule hupita kando kwa miguu. Hapo dereva huondoa mguu kwenye pedali ya mafuta akiamini ya kuwa injini itamtii. Katika magari ya kale, utii huo hutegemea kitu chembamba sana, nacho ni kebo ya mafuta.

Kenya ina wapenzi wengi wa magari ya kale ya spoti. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya Safari ya magari ya kale. Gari lenye umri wa miaka 40 likistahimili njia za mawe na vumbi, si kwa sababu vyuma vyake havichakai, bali kwa sababu mwenyewe hubadilisha kilichochakaa kabla hakijamwangusha. Juma hili tutajifunza jinsi ya kubadilisha kebo ya mafuta. Mfano wetu ni MGB, gari dogo la spoti lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980.

KAZI YA KEBO

Kebo ina sehemu mbili. Ndani mna nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja kama kamba. Nje mna ala, yaani bomba lipindikalo, ambalo halisogei. Dereva akikanyaga pedali, kamba ya ndani huvuta mkono ulio kwenye kabureta, na kilango cha hewa kilichomo ndani ya kabureta hufunguka. Akiondoa mguu, kebo haikifungi kilango hicho, maana kebo huvuta tu, haiwezi kusukuma. Kazi ya kukifunga ni ya springi.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la somo hili. Watu wengi huogopa kebo isikatike njiani. Lakini ikikatika, kilango hufungwa na springi, injini hupungua nguvu, na gari husimama. Ni taabu, lakini mtu hupona. Kebo ikikwama ndani ya ala, springi hushindwa kuirudisha, na injini huendelea kunguruma ijapokuwa mguu umekwisha ondoka. Kukatika hukufanya uchelewe. Kukwama kwaweza kuua.

DALILI ZA KUCHAKAA

Vumbi la Kajiado ni jingi wakati wa kiangazi. Huingia katika mdomo wa ala, likachanganyika na mafuta ya zamani, likawa kama msasa unaosugua nyuzi. Uzi mmoja ukikatika, ncha yake husimama kama mwiba na kushika ukingo wa ala. Wahenga walisema, mdharau mwiba, guu huota tende. Angalia basi dalili hizi:

Pedali ni nzito, au inakwaruza inapokanyagwa.
Pedali inarudi polepole, au inabaki chini kidogo.
Injini haishuki upesi katika mwendo wake wa kupumzika.
Nyuzi zimefumuka penye ncha za kebo.

Ukiona hata moja ya dalili hizi, chunguza kebo kabla ya safari nyingine. Ukikuta uzi uliokatika, usiiunganishe kebo kwa waya wa uzio wala kuifunga kwa nyuzi. Kiungo cha namna hiyo ni kinene, nacho ndicho kitakachokwama.

KAZI YENYEWE

Tayarisha spana, bisibisi, koleo, kikata waya, tochi, na kebo mpya iliyotengenezwa kwa gari la aina yako. Afadhali awepo mtu wa pili wa kukusaidia.

1. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini na ungoje ipoe. Fungua waya wa betri ulioungwa na bodi ya gari. Usidhani ya kuwa kila mara ni ule wa hasi: MGB za miaka ya kwanza, hadi mwaka 1967, zilifungwa waya wa chanya kwenye bodi.

2. Kabla ya kufungua kitu kingine, tazama njia ya kebo yote toka pedali hadi kabureta, uichore katika karatasi. Kumbukumbu ya macho hudanganya, lakini mchoro haudanganyi.

3. Legeza skrubu ndogo inayoibana kebo upande wa kabureta, uichomoe. Kisha ingia ndani ya gari, uinamie pedali, utoe kichwa cha kebo katika mkono wa pedali. Vuta kebo yote itoke kupitia ukuta unaotenga injini na viti.

4. Ilaze kebo ya zamani kando ya mpya. Urefu wa kamba na urefu wa ala lazima ulingane. Zikitofautiana, irudishe dukani, usijaribu kuilazimisha.

5. Pitisha kebo mpya katika njia ile ile. Isipindwe kwa kona kali, isiguse bomba la moshi, wala isikaribie vyuma vya usukani. Mpira unaoilinda inapopita ukutani urudishwe mahali pake. Ikiwa umepasuka, tia mwingine.

6. Funga kebo penye kabureta ukiacha ulegevu wa milimita moja au mbili pedali ikiwa juu. Ikikazwa mno, kilango hakitafungwa kabisa. Sasa mwenzako akanyage pedali hadi chini, nawe utazame kabureta zote mbili. Vilango vifunguke vyote pamoja na kwa ukamilifu.

7. Ukiisha kuridhika, ndipo ukate kamba iliyozidi, ukiacha sentimita mbili au tatu. Ukiikata kabla ya kupima, nyuzi zitafumuka na kazi itakuwa bure.

Kuhusu mafuta, fuata maagizo ya mtengenezaji. Kebo za kizamani zenye ala ya chuma tupu hutaka mafuta mepesi kidogo. Lakini zile zenye nailoni ndani ya ala aghalabu hazitaki grisi, kwa kuwa grisi hukusanya vumbi na kuleta ugonjwa ule ule tuliokuwa tukiuponya.

KUPIMA KABLA YA KUONDOKA

Injini ikiwa bado imezimwa, kanyaga pedali na kuiachia mara kumi. Kila mara irudi juu kwa ghafula na kwa sauti ya kugonga. Tazama springi za kabureta. Iliyolegea au yenye kutu ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana kebo mpya haina faida kwa springi iliyochoka. Hakikisha ya kuwa zulia la sakafuni halifiki kwenye pedali. Kisha rudisha waya wa betri, washa injini gia ikiwa huru, ukanyage mafuta kidogo na kuachia. Injini ikishuka mara moja, kazi imekamilika.

Na kama siku moja mafuta yatakwama ukiwa njiani, usibabaike. Kanyaga klachi, tia gia huru, shika breki kwa nguvu, uelekeze gari kando ya barabara. Injini itapiga kelele sana, lakini kelele hiyo haitakudhuru. Gari likisha simama, zima injini. Usichomoe ufunguo gari likiwa bado linakwenda, kwa sababu katika magari mengi usukani hujifunga.

Somo hili si la wenye magari ya spoti peke yao. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazobeba abiria Kitengela na Isinya zina kebo ya mafuta iliyotengenezwa kwa namna iyo hiyo, na vumbi lao ni moja. Mwendeshaji ajaribu mkono wa mafuta kila asubuhi kabla ya kupakia abiria: auzungushe, auachie, aone kama unarudi wenyewe. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kebo iliyokwama ni hatari kuliko iliyokatika?
2. Ni nini kinachokifunga kilango cha kabureta dereva aondoapo mguu?
3. Kwa nini kamba iliyozidi hukatwa mwisho wa kazi?